Magodoro Kwenye Ngazi za Dharura

Ninyi vijana mnachagua hoteli kwa simu, na mimi nimechoka kunyamaza. Mnaona picha ya bwawa la kuogelea lenye maji ya buluu, mnaona kitanda na taulo juu yake iliyokunjwa ikawa bata, basi mnasema hapa ndipo. Hamjui ni nani aliyemkunja huyo bata, wala ni kitu gani hakukisafisha wakati alipokuwa akimkunja. Mimi najua. Nimekunja bata wa taulo kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na kila nikimwona kwenye picha damu inanichemka.

Jina langu ni Perpetua Awuor. Nimezaliwa Migori, nimeolewa Rangwe, na kwa miaka ishirini na saba nimetandika vitanda katika hoteli moja ya kifahari mtaa wa Milimani, Kisumu, ule mtaa wa nyua ndefu na miti mikubwa ambako hata mbwa hubweka kwa adabu. Jina la hoteli sitalitaja, na hata ningelitaja lisingewasaidia, maana wamelibadilisha mara mbili. Nilianza nikiwa msafishaji wa vyumba, nikamaliza nikiwa msimamizi wa ghorofa nzima. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu kazi yenyewe niliifanya kwa Kiswahili. Walionifundisha walikuwa Wakamba na Waluhya, niliowafundisha walitoka kila upande, na hakuna aliyekuwa na wakati wa kumtafsiria mwenzake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Lilian, binti wa kaka yangu. Yeye ni muuguzi huko Migori. Alikuja nyumbani Rangwe Jumapili moja baada ya kanisa, akakaa karibu nami na kunisukumia simu usoni.

"Waya, wewe ndiye unajua mambo ya hoteli," akasema, maana sisi Wajaluo shangazi tunamwita hivyo. "Baba na Mama wanafikisha miaka arobaini ya ndoa. Nataka walale mahali pa maana siku tatu. Wasipike, wasifagie, wasiwaze ng'ombe. Hebu ona hii. Iko na bwawa juu ya paa!"

"Baba yako anajua kuogelea?"

"Hapana."

"Mama yako?"

"Waya, si lazima waogelee. Ni ya kuangalia."

"Ziwa lote hili hawajalimaliza kuangalia?"

Akacheka, mimi sikucheka. Kaka yangu Okoth alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, na hoteli pekee aliyowahi kulala ni ile ya semina ya walimu, ambako waliwekwa wanne chumba kimoja. Kama anapewa siku tatu za starehe kwa mara ya kwanza na huenda ya mwisho, sikutaka apewe picha. Nikamwambia Lilian atenge siku moja, twende Kisumu pamoja, nichague kwa macho yangu na pua yangu. Pua hasa.

Hoteli ya kwanza tuliyoiingia ilikuwa na chemchemi ndani ya ukumbi wa mapokezi. Kijana wa mapokezi, mwenye tabasamu la kukodi, akachukua ufunguo akatuambia atatuonyesha chumba. Nikamwambia sikitaki hicho, nataka kile cha jirani yake. Sikilizeni hapo, kwa maana hili hamtafundishwa na simu. Kila hoteli ina chumba chake cha kuonyesha watu. Hicho kinasuguliwa kila asubuhi na hakilali mtu. Omba cha jirani.

Kijana akababaika, akapiga simu, mwishowe tukafunguliwa. Nikainua pembe ya shuka nikatazama mshono wa godoro, maana kunguni hukaa mshononi, hawakai katikati ya kitanda wakikungoja. Nikanusa mto bila foronya yake. Nikafungua bomba la maji moto nikahesabu hadi mia moja. Nikachungulia ndani ya birika la umeme, ambamo wageni wengine huchemsha soksi, msinichekee, nimeyaona. Nikashika upindo wa pazia, kwa kuwa vumbi la miezi hujificha pale. Kila nilichokigusa kiliniudhi, na juu ya kitanda alikuwa ameketi bata wa taulo, amenyoosha shingo.

Kwenye ujia tukamkuta msichana anasukuma toroli ya shuka. Nikamsalimu, nikamuuliza, "Leo una vyumba vingapi, binti?"

"Kumi na nane, Mama."

Nikamshika Lilian mkono tukatoka. Hakuna binadamu anayeweza kusafisha vyumba kumi na nane kwa zamu moja. Anaweza kuvivalisha nguo tu. Sikumkasirikia yule msichana hata kidogo. Niliikasirikia ile chemchemi.

Tulipokuwa nje Lilian akaniuliza kwa nini sikugusa bilauri za chooni, maana nimegusa kila kitu kingine. Nikamwambia bilauri za hoteli siziamini tangu siku yangu ya tisa kazini. Siku hiyo msimamizi wangu, Madam Mwende, alinikuta nimemaliza bafu kwa dakika nne, nimejaa sifa. Madam Mwende alikuwa mwanamke mfupi kutoka Machakos, anayetembea bila sauti, na hakuwahi kunipigia kelele. Alichukua bilauri niliyoipangusa punde, ikimetameta, akaijaza maji ya bomba, akanipa.

"Kunywa," akasema.

Nikaitazama. Nilikuwa nimeipangusa kwa kitambaa kilekile nilichopangusia kiti cha choo. Kimoja tu ndicho nilichokuwa nacho, na haraka ilikuwa haraka.

"Kunywa, Awuor. Mgeni atakunywa."

Sikunywa. Akaimwaga, akanipa vitambaa vinne vya rangi nne, akanionyesha kila rangi na mahali pake. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelirudia kwa kila niliyemfundisha: kazi yetu haionekani, ndiyo maana ni rahisi kuiiba. Tangu hapo sikuwahi kutumia kitambaa kimoja.

Hoteli ya pili ilikuwa ni ile yangu ya zamani. Sikutaka kwenda. Lilian ndiye aliyesisitiza, akasema watu waliosafisha wakati wangu lazima waliacha nyuma yao mazoea mazuri. Tulipofika sikuitambua. Uso mzima umefunikwa kwa vioo, jina jipya juu, mlangoni kijana mwenye glavu nyeupe. Na aliyekuja kutupokea alikuwa Isaya.

Isaya aliingia pale akiwa mchukuzi wa mizigo, kijana mwembamba wa Homa Bay ambaye suruali ya sare ilimzidi kiuno. Mimi ndiye niliyemfundisha kukunja pembe za shuka siku za mapumziko yangu, kwa sababu alitaka kupanda kazi. Akapanda. Sasa ni meneja wa vyumba, ana suti na kadi shingoni.

"Mama Perpetua!" akaniita kwa sauti, akanikumbatia mbele ya wageni. Nilifurahi, sitawaficha. Akatupeleka chumba chochote nilichokitaka. Nikainua, nikanusa, nikachungulia. Safi. Msafishaji wa ghorofa ile ana vyumba kumi na vinne, ni vingi lakini vinawezekana. Vitambaa kwenye toroli yake vilikuwa vya rangi nne. Hapo karibu machozi yanitoke. Lilian tayari alikuwa amejaza fomu ya mapokezi, jina na namba ya simu.

"Basi Mama, umeridhika?" Isaya akauliza.

"Bado ngazi za dharura."

Uso wake ukabadilika. Kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kijiwe. "Ngazi ziko sawa, Mama. Twende unywe chai."

Nikatembea hadi mwisho wa ujia wa ghorofa ya nne. Njia ile miguu yangu inaijua. Nikasukuma mlango, ukafunguka nusu ukakwama. Nyuma yake kulikuwa na magodoro, yamesimamishwa ukutani na mengine yamelazwa juu ya vidato, hata mtoto asingepita.

Ili muelewe kilichonipata pale, lazima niwaambie habari za Consolata.

Wakati wangu ngazi zile zile zilikuwa stoo. Zulia kuukuu, vitanda vya watoto, marobota ya shuka. Madam Mwende aliandika kwenye daftari la ripoti kwamba ngazi zimezibwa. Akaandika tena. Mara ya tatu akapeleka daftari lenyewe kwa mkuu wa hoteli wa wakati huo. Wiki iliyofuata tukaitwa mmoja mmoja ofisini, tukaulizwa kama tumewahi kuona ngazi zimezibwa, au ni Madam Mwende tu anayetafuta makosa. Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nilisema, "Mimi sijaona." Maneno mawili hayo. Madam Mwende akaondolewa kazini kwa kuwachochea wafanyakazi, akafunga virago akaenda kwao. Siku aliyotoka alinipita kwenye lango la nyuma, akanisalimu kwa jina langu, hakuongeza kitu. Mimi nikapewa ghorofa yake.

Halafu, asubuhi moja saa nne, mashine ya kukaushia nguo ikashika moto kule chini. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, ulizimwa haraka. Moshi ndio ulipanda. Consolata, mwenzangu aliyetoka kisiwa cha Mfangano, alikuwa ghorofa ya nne. Alikimbilia ngazi za dharura kama tulivyofundishwa, akakuta marobota, akajaribu kuyapanda, akashindwa, akarudi kupitia moshi uleule. Alitolewa akiwa hai. Lakini mapafu yake hayakurudi. Mnaoijua Mfangano mnajua ilivyo mlima. Kwa mama yake ni juu, na Consolata hakuweza tena kupanda kwenda kwa mama yake. Ndugu walijenga chumba huku chini ufukweni, akakaa hapo, mama ndiye aliyekuwa akishuka.

Sasa nimesimama kwenye mlango ule ule, na mbele yangu magodoro.

Nilivua viatu, nikaweka mkoba chini, nikashika godoro la kwanza nikalivuta.

"Waya!" Lilian akaja mbio. "Waya, unatuaibisha! Watu wanaangalia!"

"Waangalie."

Isaya akaja nyuma yake. "Mama, tafadhali. Ni kwa muda tu, stoo inapakwa rangi. Wewe leo ni mgeni, tulia."

"Isaya, nitaufungua mlango huu ama nitapiga mayowe. Chagua."

Akaondoka akiongea kwenye simu yake. Godoro lilikuwa zito, miaka yangu nayo ni mingi. Hapo nikamwona yule msafishaji wa ghorofa, msichana mrefu mwenye glavu za mpira, amesimama kando ya toroli yake na mdomo wazi. Kwenye beji yake imeandikwa Boke. Nikamnyooshea kidole kama vile bado niko kazini.

"Wewe! Boke! Shika upande ule!"

Akaja akashika. Tulitoa magodoro saba, tukayapanga kwenye ujia, wageni wakipita wakitukodolea macho, mzee mmoja hata akatusaidia kulisukuma moja kwa mguu. Kisha askari wawili wa hoteli wakaja, Lilian akanibebea mkoba, tukashuka. Kwa ngazi za dharura! Nilishuka kidato kwa kidato nikiwa nimeshika viatu mkononi, na sijawahi kujisikia mrefu kama siku ile.

Kaka yangu na mkewe walilala hoteli nyingine, ndogo, mtaa huohuo, isiyo na chemchemi wala bata. Okoth alilalamika mito ni laini mno. Mkewe alikuwa akiamka anatandika kitanda mwenyewe kabla msafishaji hajaja, ili asidhaniwe mchafu. Walirudi wamenona kidogo na wanacheka cheka kama watoto. Na mimi Rangwe nilikuwa nikimsimulia kila aliyetaka kunisikiliza, sokoni na kanisani, jinsi nilivyoyatoa magodoro. Nilikuwa naigiza sauti ya Isaya. Watu walikuwa wanacheka hadi wanashika mbavu.

Wiki tatu baadaye Lilian akanipigia simu. Sauti yake haikuwa ya kicheko.

"Waya, unamkumbuka yule msichana? Boke? Amesimamishwa kazi. Rafiki yake wa mapokezi alimpa namba yangu kutoka kwa ile fomu. Anasema ataitwa kikao cha nidhamu. Anauliza kama unaweza kwenda kusema ni wewe ulimwambia."

Nilikaa chini. Niliona aibu hata kabla ya hasira. Katika wiki tatu zote zile sikuwahi kujiuliza yule msichana alirudi vipi kazini baada ya mimi kushuka ngazi.

Boke alikuwa amerudi kwao, upande wa Kehancha, karibu na mpaka. Sikutaka kumpigia simu. Nilisafiri siku iliyofuata, nikaulizia hadi nikafika. Mama yake alikuwa uani anapepeta wimbi. Yeye ni Mkuria, mimi ni Mjaluo, Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Nikajitambulisha. Hakuacha kupepeta.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mama Boke. Nimekuja kuomba msamaha."

"Karibu kiti." Akaendelea kupepeta, makapi yakiruka. Kisha akaweka ungo chini. "Wewe umestaafu?"

"Ndiyo."

"Uko na nyumba?"

"Ninayo."

"Mtoto wangu hana. Yeye ndiye anasomesha ndugu zake. Wewe ulikuja na hasira yako ya zamani, ukapiga kelele, ukaenda kwako ukalala. Kazi ikapotea ya nani? Ulikuwa unasafisha roho yako na mikono ya mtoto wangu."

Nilitaka kumweleza habari za Consolata. Nilitaka kumweleza kwamba ngazi zile zinaua. Nikaona nikifungua mdomo nitakuwa najitetea, nikaufunga. Mara nyingi nimekasirikiwa na wageni, na mameneja, na mume wangu marehemu, lakini hasira ya yule mama ndiyo pekee ambayo sikupata pa kuipinga.

Boke akatoka ndani, akanisalimu vizuri, akakaa kwenye kizingiti. Bila sare alionekana mdogo zaidi.

"Nitakuja kwenye kikao," nikamwambia. "Nitawaambia ulikuwa unafanya jambo sahihi. Ulikuwa jasiri."

"Mama, mimi sikuwa jasiri," akasema. "Yale magodoro ni mimi niliyapeleka pale. Niliambiwa na Bwana Isaya nikayapeleka. Halafu ukaniambia wewe niyatoe, nikayatoa. Nilidhani umetumwa na wakubwa, ulivyokuwa unaongea. Hakuna mtu aliniuliza mimi naonaje."

"Ulikuwa unaonaje?"

Akafikiri. Nadhani alikuwa hajawahi kuulizwa. "Nilikuwa naona ni vibaya. Kila siku nilipita pale nikiona ni vibaya."

Mama yake akamtazama. Mimi nikatazama wimbi.

"Basi ukija," Boke akasema, "usiwaambie mimi ni jasiri. Waambie vile ilikuwa. Hata ile ya kuniamrisha."

Siku ya kikao nilifika Milimani saa mbili asubuhi. Kijana wa glavu nyeupe alikuwa ameelezwa habari zangu. Akaniambia kwa upole kwamba mtu wa nje haruhusiwi. Nikamwambia mimi ni mteja, nataka chai. Mteja wa chai hawezi kufukuzwa. Nikakaa ukumbini na birika langu la chai hadi Boke alipofika, na alipoitwa nikainuka naye. Isaya akasimama mlangoni.

"Mama, hii ni ya wafanyakazi."

"Ndiye shahidi wangu," Boke akasema. "Kwenye barua mmeandika naweza kuleta shahidi. Hamkuandika ni nani."

Ndani, mezani, kulikuwa na watu watatu: Isaya, mtu wa ofisi ya ajira, na mkuu wa hoteli. Mkuu alikuwa mama mmoja aliyeletwa kutoka Mombasa, hakuwa ametimiza mwaka pale. Akasoma mashtaka. Boke aliacha kazi yake bila ruhusa, akahamisha mali ya hoteli, akawasumbua wageni. Kisha akanigeukia.

"Haya, bibie. Tukusikilize."

Nikawaambia vile ilivyokuwa. Nikasema nilimwamrisha kwa kidole na kwa sauti ya msimamizi, na kwamba yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya mtu angetii. Nikasema magodoro yale hakuyaweka pale kwa mapenzi yake. Nikasema hata mimi mwenyewe niliwahi kuulizwa katika jengo hilihili kama nimeona ngazi zimezibwa, nikasema sijaona, na nilikuwa nimeona. Nilisema yote kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yangu. Halafu nikamgeukia Isaya.

"Isaya, siku ya moshi ni nani alimbeba Consolata kumtoa nje?"

Akaigeuza kadi yake ya shingoni.

"Nakuuliza, mwanangu. Ni nani?"

"Ni mimi," akasema, akiangalia meza.

Mkuu wa hoteli akaweka kalamu chini. "Huyo Consolata ndiye nani?"

Hapo ndipo nilipotaka kupindua meza. Hakuna aliyekuwa amemwambia! Walibadilisha jina, wakabadilisha vioo, wakabadilisha sare, na Consolata wakamfuta pamoja na zulia la zamani. Nilifungua kinywa, lakini Isaya akanitangulia. Alieleza yote, polepole, marobota, moshi, jinsi alivyomkuta amekumbatia mlango. Alipomaliza alikuwa amevua miwani. Akasema magodoro ni yeye aliyeagiza, kwa kuwa aliambiwa stoo iwe wazi kabla ya ukaguzi wa wenye hoteli, na hakutaka kuonekana ameshindwa.

Mkuu akatuomba tutoke. Tulingoja kwenye benchi karibu saa nzima. Tulipoitwa tena, karatasi ilikuwa mezani. Boke anarudishwa kazini, ghorofa yake ileile, siku alizokosa zitahesabiwa kama alikuwepo. Na chini kabisa, barua ya onyo la mwisho kwa kuhamisha mali bila idhini. Mtu wa ofisi ya ajira akamsogezea kalamu.

Nilishusha pumzi. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyotumaini. Nikamwinamia Boke sikioni. "Weka sahihi, binti. Onyo si kitu. Kazi ndiyo muhimu. Weka sahihi twende."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mama," akasema, "usiniambie tena."

Akaichukua ile karatasi akaisoma yote, toka juu hadi chini, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Akaiweka chini, akaonyesha mahali.

"Hapa mmesema nimepewa onyo kwa kutoa magodoro. Kwa kuyapeleka hamjasema kitu. Kama ni kosa kuyatoa, kesho mtaniambia niyarudishe? Nikikataa mtaniandikia lingine?"

Mtu wa ofisi ya ajira akasema huo ndio utaratibu.

"Basi mimi siweki sahihi," Boke akasema. "Nitarudi Kehancha."

Nilimshika kiwiko chini ya meza. Akautoa mkono wangu taratibu, kama unavyoondoa mkono wa mtoto aliyelala. Nilimfikiria mama yake na ungo wake, nikafikiri leo nimemfukuzisha kazi mara ya pili.

Mkuu wa hoteli akaivuta karatasi, akaikata kwa mstari aya ile ya onyo, akaweka sahihi yake ndogo pembeni, akamsogezea. Boke akaisoma tena yote. Akaweka sahihi.

Nje ukumbini nikamwambia nataka kumnunulia chakula, tukae tuongee kidogo. Akatazama saa ya ukutani.

"Zamu inaanza saa nane, Mama. Niko na vyumba kumi na vinne." Akanipa mkono kwa heshima, akainama kidogo kama tunavyowafundisha kuwaaga wageni, akaenda kupitia mlango wa wafanyakazi. Nilibaki pale nimesimama hadi yule kijana wa glavu aliponiuliza kama nimepotea.